Mhariri, dimareji sio hela ya bandari

Mhariri habari za kazi. Naomba nafasi kidogo nizungumzie neno moja la Kiingereza ambalo mnaliandika kila bandari inapojaa, na kila mkiliandika mnaliacha hivyohivyo kama vile kila mtu amezaliwa analijua. Dimareji. Juzi mmeandika tena wafanyabiashara wanalia na dimareji ya bandari, nikasema hapana, leo naandika.

Mimi nauza vyombo vya nyumbani, nachukua China. Miaka yote nilikuwa nashea kontena na wenzangu, unapigiwa hesabu ya CBM zako, yani mita za ujazo za mzigo wako, unalipa unachukua mzigo, huko ndani kimepita nini hujui. Mwaka jana nikajifanya nimekua, nikaleta kontena langu mwenyewe la futi 20. Wakala wangu wa kutoa mzigo bandarini ananipigia, mama kuna dimareji imeingia. Dimareji ndo nini? Ni hela ya bandari mama, ukichelewa inapanda. Nikatuma. Baada ya siku 3 tena dimareji, nikatuma. Kontena limeshatoka, vijana wameshashusha mzigo godauni, limerudishwa tupu, naambiwa kuna dimareji nyingine, na hiyo nayo nikatuma maana nilishachoka.

Mtoto wa dada yangu anasoma sheria, yeye ndo akanikalisha chini. Kumbe neno lenyewe asili yake ni Kifaransa cha zamani, maana yake kukawia tu, kubaki mahali. Na halikuanza na makontena, lilianza na meli yenyewe. Mtu anakodi meli nzima, tuseme ya ngano, wanakubaliana siku za kupakia na kushusha, zikipita anamlipa mwenye meli kwa kila siku aliyomkawiza, hiyo ndo dimareji, ni fidia waliyokubaliana mapema kwenye mkataba ili wasije wakagombana baadaye. Akimaliza mapema, na kama mkataba umesema hivyo, yeye ndo anarudishiwa kitu, inaitwa dispachi (hii sijawahi kusikia wakala akiitaja hata siku moja). Alafu wenyewe watu wa meli wana msemo wao, ukishaingia kwenye dimareji umeingia, yani zile Jumapili na siku za mvua ambazo mwanzo zilikuwa hazihesabiwi, sasa zinahesabiwa zote isipokuwa kama mkataba umesema vingine.

Akaniambia hata mahakamani lina ndugu yake, demara, na mawakili wetu wanalitaja mpaka leo kila wakiweka pingamizi la awali, yani hoja ya sheria inayotolewa mwanzoni kabla kesi haijasikilizwa, kwa sababu ya kesi ya Mukisa Biscuit ya mwaka 1969, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema pingamizi la awali ni mfano wa kile kilichokuwa kinaitwa demara zamani. Nikacheka, maana pingamizi nalo nimeona linavyokawiza kesi ya kiwanja chetu.

Sasa turudi kwenye kontena. Pale kuna tozo 3 na sisi zote tunaziita jina moja. Kuna storeji, hii ni ya mwenye uwanja, iwe bandari au ICD (bandari kavu), unalipia ardhi ulipokaa mzigo. Kuna dimareji yenyewe, hii ni ya shirika la meli, kwa sababu lile boksi ni mali yao na wewe umeliacha limejaa ndani ya geti wakati siku za bure walizokupa, ambazo hulipii, zimeisha. Na kuna ditensheni, ya shirika la meli pia, inaanza boksi likishatoka na wewe hujalirudisha tupu, ingawa siku hizi kuna mashirika yanazichanganya hizi mbili kwenye bili moja. Kwahiyo kontena hilohilo usiku huohuo linaweza kukulipisha kwa watu wawili tofauti, na kodi ya TRA haimo humo kabisa.

Ndo maana nagombana na nyie mnapoandika dimareji ya bandari. Mtu akisoma hivyo anaenda kulalamika bandari, bandari wanamwambia sisi siku zetu ni hizi hapa, anarudi kwa wakala, wakala anamwambia mama inapanda. Andikeni tu storeji ya bandari, dimareji ya meli, msomaji atajua aende kumuuliza nani na adai karatasi ya nani.

Mimi nilizidai. Ile ya kwanza kumbe ilikuwa storeji, risiti ipo. Ya pili ndo dimareji kweli, karatasi ina nembo ya shirika la meli, dola, na siku wamehesabu toka boksi liliposhuka melini, sio toka siku niliyopigiwa simu, weekend zote zimo. Ya tatu wakala alisema ni ditensheni, nikamuonyesha karatasi ya kurudisha kontena, tulilirudisha siku ya pili tu na siku za bure zilikuwa bado zipo, akasema ngoja acheki ofisini. Bado anacheki.

Mfanyabiashara, Kariakoo