Kabla ya kumwelekeza mtu ufukwe, muulize mwezi ngapi

Mhariri,

Kila likizo inapokaribia, kurasa za safari hujaa orodha za fukwe za Zanzibar: Nungwi, Kendwa, Paje, Jambiani, Matemwe, zimepangwa kwa namba kama matokeo ya mtihani. Picha zote zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Msomaji wa Morogoro anafunga mzigo, anavuka, anafika Paje saa nne asubuhi na bahari haioni. Anakuta maji ya vifundoni, vigingi vya mwani, ngalawa zimelala ubavu, na mstari mweupe wa mawimbi kule kwenye mwamba, kilomita moja au zaidi kutoka alipotandika kanga. Anarudi kwao akihadithia kwamba Paje imekauka. Paje iko vile vile. Aliyemwelekeza ndiye ambaye hakumuuliza mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi kuandama.

Ombi langu ni mstari mmoja. Magazeti yanachapisha nyakati za sala na tarehe ya Hijria. Chini yake wekeni saa za maji kujaa na kupwa. Na hadi hapo mtakapoweka, hiyo tarehe ya Hijria peke yake inatosha kumpangia mtu matembezi, akijua kuihesabu kama wavuvi na wakulima wa mwani wanavyoihesabu.

Kwa usiku na mchana mmoja maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kidogo, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huyavuta maji kwa pamoja, ikawa bamvua: baina ya maji ya juu na ya chini hutokea tofauti ya karibu mita 4. Mwezi saba, nane, na tena ishirini na mbili, ishirini na tatu, vinavuta kwa kupingana. Hayo ni maji mafu, na tofauti hushuka hadi mita 1 hivi.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi ni kwamba bamvua ya Unguja ina saa zake, na hazihami. Mwezi mosi au mwezi kumi na tano, maji hupwa kabisa kama saa nne na nusu asubuhi na hujaa kama saa kumi na nusu jioni, iwe kaskazi, iwe kusi. Mwezi nne, kupwa kumefika saa sita na nusu mchana. Mwezi nane mambo yamegeuka: kujaa ni kama saa nne asubuhi na kupwa ni saa kumi jioni, ingawa wakati huo maji hayapandi sana wala hayashuki sana. Ikifika mwezi kumi na moja, kujaa kunaangukia karibu na adhuhuri. Ndiyo maana familia yenye watoto wanaotaka kuogelea upande wa mashariki mchana kutwa ningeiambia ichague mwezi tisa hadi kumi na mbili, au ishirini na nne hadi ishirini na saba. Siku za bamvua maji huchelewa kidogo, kama dakika 40 kwa siku. Siku za maji mafu yanaweza kuchelewa zaidi ya saa nzima, kwa hiyo mahesabu haya yana nusu saa ya kukosea huku na huku. Na ile tofauti ya siku moja ya kuandama, ambayo kwa watu imeleta mabishano mengi, kwa maji ni kama saa moja tu.

Sasa fukwe zenyewe. Kuanzia Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa, Uroa, kisha Bwejuu, Paje na Jambiani, pwani ina uwanda mpana wa mchanga na mawe, mwamba ukiwa mbali, kwa hiyo bamvua inayapeleka maji yote nje. Kendwa, upande wa kaskazini magharibi, inateremka haraka na maji hayaendi mbali. Mtu anaogelea saa yoyote. Nungwi ya magharibi iko hivyo pia, lakini ukipinda ras kuelekea Mnarani, kwenye bwawa la kasa, unakuta tena uwanda wa mawe. Wanaosema "Nungwi haipwi" wamesema nusu.

Kosa la Nungwi liko kinyume na la Paje. Kutoka Nungwi hadi Kendwa kwa miguu ni kilomita 3 hivi, matembezi mazuri kabisa maji yakiwa chini. Jioni ya bamvua bahari inafika kwenye kuta za hoteli na miamba, na njia inapotea. Watu huondoka Nungwi saa tisa na nusu waende kutazama jua linazama Kendwa, wakajikuta katikati wamebeba viatu kichwani na simu mdomoni. Siku hizo nendeni asubuhi, na kurudi pandeni gari.

Nakupenda, fungu la mchanga karibu na kisiwa cha Changuu, linafuata sheria hiyo hiyo. Fungu hutokeza maji yakipwa na huzama yakijaa. Mwezi mosi, ondokeni Forodhani saa mbili na nusu asubuhi na mjue kwamba kufikia saa nane mchana mchanga mliokanyaga unafunikwa. Nahodha mzuri hufanya Nakupenda kwanza, kisha Changuu kwa kobe, ambao asili yao ni Aldabra huko Shelisheli, na jengo la gereza la mwaka 1893 ambalo halikufungwa mfungwa hata mmoja, liligeuzwa karantini. Ukiuziwa safari ya "Changuu asubuhi, Nakupenda jioni" katika siku za bamvua, umeuziwa maji.

Mnemba, kisiwa kidogo mbele ya Matemwe, ni habari nyingine. Kwa kuzamia na kutazama samaki pale, maji mafu ndiyo mazuri: mkondo ni mdogo, mchanga hautifuki, na mtu asiye hodari hasukumwi mbali na chombo. Tena siku za bamvua kuu abiria wa Matemwe hulazimika kutembea mbali juu ya mawe kuifuata boti.

Ningependa lakini pia kumtetea huyo aliyefika Paje maji yamepwa, maana amefika saa ya shughuli. Mwani ulianza kulimwa hapo mwaka 1989, na wanaoulima wengi ni wanawake. Kazi yao inafuata bamvua: wanashuka maji yakianza kuondoka na wana saa tatu, nne tu za kuwa pale chini. Kamba inavutwa baina ya vigingi viwili, na juu yake vipande vidogo vya mbegu vimefungwa kimoja kimoja kwa taitai, ule uzi mwembamba. Baada ya wiki 6 hivi huvunwa. Mgeni anayepita kwa kuruka kamba, au anayesimama juu yake apigwe picha, anakata vichipukizi ambavyo ndiyo mavuno yenyewe. Piteni katika nafasi baina ya mistari, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, na mkitaka kuelezwa kazi, lipieni muda wa mtu.

Na kiti cha pweza, yule nyota mwekundu anayependwa na wapiga picha, anapumua kwa maji. Akinyanyuliwa akawekwa mkononi, kisha kichwani kwa mtoto, kisha akapangwa na wenzake watano juu ya mchanga mkavu, hafi mbele ya kamera, hufa baadaye. Piga picha akiwa ndani ya maji. Yanakuwa ya vifundoni, nayo yako wazi kama kioo.

Anayetaka kwenda hadi kwenye mwamba avae viatu vya kufunga vyenye soli ngumu. Kandambili hubaki kwenye tope, na katika mawe kuna wale viumbe weusi wa miiba mirefu. Mwiba wao hukatikia ndani ya nyama. Aondoke ufukweni kama saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na ageuke kurudi pale pale yanapoanza kusimama. Wengi hukosea hapa, na sababu yake inaeleweka. Maji hayarudi kwa kasi moja: saa ya kwanza huongezeka kidogo sana, mtu akadhani ana nafasi, kisha saa ya tatu na ya nne ndiyo huja kwa nguvu. Wala hayaji kutoka mbele tu. Huingia kwa milango ya mwamba, yale mapengo yake, na kujaza kwanza mabonde yaliyo baina yako na nchi kavu. Unaangalia mbele, mwamba bado mkavu. Unageuka, nyuma yako ni kiunoni.

Milango hiyo hiyo ndiyo hatari wakati wa kutoka. Maji ya ndani yote hupita hapo kuelekea nje, na muogeleaji aliye karibu hupelekwa nayo. Akikumbwa, asipigane na mkondo kwa kurudi alikotoka. Akate upande, sambamba na mwamba, hadi atoke kwenye njia yake. Mwenyeji wa kijiji akikwambia pale usiogelee, sababu mara nyingi ni mlango.

Upepo nao una neno lake, ingawa si kubwa kama la maji. Kusi, kuanzia Mei au Juni hadi Septemba, hupiga Paje na Jambiani: ni raha ya wacheza tiara wa baharini, ni kero kwa anayetaka maji tulivu. Huyo aende Kendwa. Kaskazi, Desemba hadi Februari au Machi, hugeuza upepo, na pwani ya kaskazini mashariki ndiyo huchafuka zaidi.

Kwa Pemba saa za maji hazipishani sana na za Unguja, hesabu ni ile ile. Vumawimbi, unayoifikia kwa kupita msitu wa Ngezi, jina lake limeshajieleza: inatazama bahari kuu, na siku za upepo ni ya kutembea zaidi kuliko kuogelea. Kisiwa cha Misali, upande wa magharibi, kimekingika zaidi, na matumbawe yako karibu na ufukwe. Pemba haina vibanda kila hatua mia. Beba maji ya kunywa.

Limebaki onyo moja kwa wanaotafuta saa za maji kwenye simu, na kwenu pia, Mhariri, mtakapoanza kuzichapisha. Majedwali huandikwa kwa saa za kizungu. Mtu anaona 10:30, anasoma saa kumi na nusu, kumbe ni saa nne na nusu. Amekosea saa sita, na saa sita ndiyo umbali wa kutoka kupwa hadi kujaa. Kwa hiyo hakosei kidogo. Anaipata bahari kinyume kabisa. Pia asome kama jedwali linafuata saa za Afrika Mashariki, maana mengine yamewekwa saa za Greenwich, na ziko nyuma kwa saa tatu. Na akiona mita 0.3 asidhani ni kina atakachokikuta Paje. Hicho ni kipimo cha ramani za bandari, na Paje siku hiyo ni pakavu.

Kwa hiyo uandikeni hivi, kwa saa zetu: "Mwezi mosi. Kupwa: saa 4:30 asubuhi. Kujaa: saa 10:30 jioni. Bamvua." Nafasi yake ni ndogo kuliko tangazo la godoro.

Msomaji wenu,
Jambiani, Unguja