Barua kwa mwanangu: kesi ya Euthyphro

Mwanangu mpendwa,

Asalaam aleikum. Huku Tanga sote hatujambo, mama yako anakusalimu, na mguu wake haumsumbui tena. Uliniuliza kwenye simu imekuwaje nimestaafu bandarini halafu nikaangukia falsafa ya Wagiriki wa kale. Jibu lake si la simu, ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza hilo la umri. Plato, mwanafalsafa wa Athens, anamwonyesha mwalimu wake Socrates akienda kujifunza kinubi ukubwani kwa mwalimu aitwaye Connus, pamoja na watoto. Watoto wakamcheka, na Connus wakambandika jina: mwalimu wa wazee. Socrates hakuacha, tena akawashawishi wazee wengine waje kusoma naye. Nami nimempata wa kusoma naye, jirani yetu aliyekuwa akifundisha shule ya msingi. Baada ya alasiri tunakaa barazani, mmoja anasoma maneno ya Socrates, mwingine ya yule anayeulizwa. Kigiriki hatukijui, tunatumia tafsiri ya Kiingereza. Lakini maandishi ya Plato karibu yote ni mazungumzo, na ukiyasoma kwa sauti mbili unasikia pale mtu anapobanwa akaanza kuzungukazunguka.

Ukitaka kuanza, Aristotle, mwanafunzi wa Plato, mwache kwanza. Anza na Euthyphro, kitabu kifupi cha Plato unachokimaliza jioni moja. Baadaye soma Utetezi, kisha Crito, kisha Phaedo, maana kwa mpangilio huo unamfuata Socrates tangu anaposhtakiwa hadi anapokunywa sumu gerezani. Pembeni mwa kurasa utaona namba kama 4b au 10a. Zinatokana na chapa ya mwaka 1578, na ni zilezile katika karibu kila tafsiri, kwa hiyo mimi na wewe tunaweza kutajiana mahali hata kama vitabu vyetu havifanani.

Sasa sikiliza kesi yenyewe, wewe uliye wakili. Ni mwaka 399 KK, Athens. Socrates, mzee wa miaka 70, yuko nje ya ofisi ya mkuu anayesimamia kesi za dini, kwa sababu kijana mmoja, Meletus, amemshtaki kwamba anaharibu vijana. Hapo anakutana na Euthyphro, ambaye naye ana kesi. Anamshtaki baba yake mzazi, kwa mauaji.

Walikuwa wakilima kisiwani Naxos. Kibarua wao alilewa, akakasirika, akamchinja mtumwa wa nyumbani. Baba akamfunga kibarua mikono na miguu, akamtupa mtaroni, akatuma mtu Athens kumuuliza mjuzi wa sheria za dini afanye nini. Kabla mjumbe hajarudi, kibarua alikuwa ameshakufa kwa njaa, baridi na zile kamba.

Ujue kwamba Athens haikuwa na mwendesha mashtaka wa serikali. Kesi ya mauaji ilifunguliwa kwa desturi na ndugu wa marehemu, ndiyo maana Socrates anashangaa na kudhani aliyeuawa lazima ni ndugu yake Euthyphro. Anajibiwa (4b) kwamba ni kichekesho kuona tofauti kati ya mgeni na ndugu. Cha kuangalia ni kama muuaji aliua kwa haki au la.

Wengi humsoma Euthyphro kama mtu wa majivuno asiyejua anachosema. Majivuno anayo, na Socrates anamvua nguo hatua kwa hatua. Lakini sentensi hiyo ya 4b mimi naiheshimu. Kibarua yule hatajwi hata jina. Familia nzima inamlaumu Euthyphro: marehemu mwenyewe alikuwa muuaji, wa nini kumhangaikia? Nimefanya kazi na vibarua maisha yangu yote, mwanangu, na maneno ya namna hiyo nimeyasikia kwa masikio yangu. Euthyphro anadai kumshtaki baba ni tendo la uchaji, Socrates anamuuliza uchaji ni nini, mazungumzo yanaendelea huko, na kibarua anaachwa mtaroni. Jirani yangu anasema Plato alifanya hivyo makusudi, ili tuone watu wanavyoweza kubishana juu ya wema huku wamemsahau aliyekufa. Sijakubaliana naye bado.

Kiini ni 10a. Euthyphro amesema uchaji ni kile miungu wote wanachokipenda. Socrates anauliza: wanakipenda kwa sababu ni cha uchaji, au ni cha uchaji kwa sababu wanakipenda? Usidhani swali hilo ni la waabudu miungu mingi tu. Wanazuoni wetu walibishana jambo la jirani kabisa na hilo: watu wa madhehebu ya Mu'tazila wakisema akili inaweza kutambua uzuri na ubaya wa tendo, wale wa Ash'ari wakisema zuri ni lile aliloliamuru Mwenyezi Mungu. Mimi nimelelewa upande wa Ash'ari na sijahama. Ila sasa najua upande wangu una deni gani la kulipa, na hilo limenifanya niwasikilize masheikh wetu kwa makini kuliko zamani.

Nataka unifanyie mambo mawili. Niambie kama wakili: kumfunga mtu, kumtupa mtaroni na kumsahau, mahakama zetu zingeyaita mauaji ya kukusudia, au kuua bila kukusudia? Halafu niambie kama binti yangu: baba huyo angekuwa mimi, ungefungua kesi? Usinionee haya. Andika kwa kalamu, tena kwa urefu, na jirani naye anausubiri upande wako.

Nakuombea heri na afya,

Baba yako