Barua kwa mwanangu: hiyo "kidogo" ya Waingereza

Mwanangu,

Hapa nyumbani hatujambo, ila baba yako anakohoakohoa kwa vumbi la saruji la jirani. Nilitaka kukutumia sauti kwa WhatsApp, nikaona utaisikiliza huku unapanga nguo, ikupite. Barua utaisoma umekaa.

Picha ya matokeo yako ya OET, ule mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, nimeiona. Alama B kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na kuandika pia umevuka. Nimemwonyesha mama mkwe wa dada yako, na yule wa duka la dawa, na wengine ambao hukuniruhusu. Mtoto wa Kilifi anakwenda kuuguza watu Leeds, niacheni niringe. Lakini lipo jambo linaloninyima usingizi, nalo halimo kwenye cheti hicho.

Daftari lako la maneno ulilisahau juu ya friji. Nimelisoma lote. "Devastated", "apprehensive", "exasperated", "melancholy", kila moja na sentensi yake, mwandiko safi. Dada yako anasema ni mimi niliyekuzoesha kuchuma maneno kwenye kamusi kama embe, na pengine ana lake. Lakini nakuuliza: mzee wa Yorkshire, huko Leeds uendako, yuko kitandani saa tisa usiku, atakwambia yuko "apprehensive", yaani ana wasiwasi? Thubutu! Atakwambia "I'm a bit poorly, love", yaani naumwa kidogo, mpenzi, na hiyo "poorly" kwa watu wa kaskazini ya Uingereza huanzia mafua ikafika kwa mtu anayekata roho. Wauguzi wenyewe kule mgonjwa mahututi humwita "very poorly". Sasa wewe usikie "a bit", uandike kwenye faili kuwa ana nafuu, uende kitanda cha pili. Hilo ndilo linaloniamsha. (Na hiyo "love" usiishtukie. Hata dereva wa basi atakuita hivyo, hakutongozi.)

Kumbuka lile dodoso la maumivu la McGill ulilonionyesha, alilolichapisha Ronald Melzack wa Kanada mwaka 1975. Maneno 78 kwa makundi 20: "throbbing", "stabbing", "gnawing", sijui nini. Nililipenda sana, maana sisi nasi tunajua kuwa kidonda kinachopwita sicho kinachochoma, na tumbo linalosokota silo linalokata. Lakini dodoso humwekea mgonjwa maneno mbele yake achague. Asiyewekewa hujisemea "sore", panauma, akanyamaza, na hiyo "sore" yaweza kuwa lolote katika yale 78. Basi mwekee wewe. Linapwita? Linachoma? Linakuja na kuondoka, au limekaa tu? Akijibu, uliza tena.

Wanafunzi wangu nilikuwa nikiwasimulia habari ya vita vya Korea, Aprili 1951, pale Mto Imjin. Wachina wamewazingira askari wa Kiingereza wa kikosi cha Gloucestershire, na brigedia wao, Tom Brodie, akamwambia jenerali wa Kimarekani aliyekuwa juu yake kwamba mambo yalikuwa "a bit sticky". Mwingereza angeelewa kuwa watu wanakwisha. Mmarekani alisikia kuna ugumu kidogo ila wanaumudu. Askari hawakuruhusiwa kurudi nyuma mapema, na mamia yao wakatekwa. Na hao wote wawili Kiingereza ni lugha ya mama zao! Wewe unakwenda na cha kusomea.

Na si wagonjwa tu. Mkubwa wako wa wodi akikwambia "you might want to check that dressing", hakukupa hiari, kakutuma ukaangalie bendeji sasa hivi. Akisema "I'm a little disappointed", jua amekasirika hasa. "Quite good" ya Mmarekani ni sifa, ya Mwingereza mara nyingi ni kusema inapita.

Wala usijifanye mgeni wa mambo haya, maana umelelewa pwani. Hapa mtu atatapika usiku kucha, asubuhi akiulizwa hali hujibu "sijambo, alhamdulillahi", na jirani mwenye akili humtazama macho, hasikilizi hiyo "sijambo". Ya babu yako na tumbo lake "linalouma kidogo" unayajua, sirudii.

Ila wewe mwenyewe ndiwe unayenitia hofu zaidi. Hodari wa kuandika sentensi za huzuni daftarini, lakini ukiulizwa huna ila "niko sawa". Ya Nairobi mwaka jana tuliyasikia kwa watu, nayo basi. Huko ukilemewa usiseme "I'm fine", wala usitafute neno kubwa. Sema "I'm struggling", kisha taja kinachokulemea: una wagonjwa wangapi, dawa gani hazijatolewa. Wakikujibu juujuu, rudia. Nami nikikupigia usinijibu "niko poa, mama", nitakuuliza tena mpaka unichoke.

Mtihani wa OSCE, ule wa vitendo wa wauguzi, bado unakusubiri kulekule, na vituo vyake 10. Kimoja cha mwanzo ni kuzungumza na mgonjwa na kumkagua, kwa hiyo haya ninayokusumbua nayo si porojo za mwalimu mstaafu. Vyeti halisi vitie mkobani, usivipakie kwenye sanduku. Papa mkavu usibebe hata shangazi yako akilia, nguo zote zitanuka.

Tangi la maji limepasuka ubavuni. Fundi kataka pesa nyingi nikamwambia arudi akiwa na adabu, sasa tunachota kwa jirani yuleyule wa saruji. Usitume kitu, hela zako ziweke za baridi. Mdogo wako karo yake imelipwa nusu, iliyobaki baba yako anasema anajua atakapoitoa, na unamjua baba yako anaposema anajua.

Baba yako atapanda basi la usiku Jumamosi kuja kukuaga, na achari ya ndimu atakuletea. Anauliza kama shuka na blanketi utanunua huko au nyumba mtakayopewa inavyo, maana ameshaanza kukunja lile blanketi zito. Nijibu kabla ya Ijumaa, na ujibu kwa kirefu.

Mama yako