Hiyo nafasi omba, Mwanakombo

Tudor, Mombasa

Shoga yangu Mwanakombo,

Salamu nyingi. Huku kusi imeanza, joto limetupungukia kidogo, na watoto hawajambo.

Wasema nafasi ya mhadhiri mwandamizi imetangazwa, nawe huombi kwa kuwa machapisho yako ni machache. Yangekuwaje mengi? Mitihani ya wanafunzi wapanga wewe. Zamu za madaktari wanagenzi, wewe. Kumbukumbu za kikao, wewe. Hata chai ya mgeni wa wizara ukatumwa wewe, daktari bingwa mzima! Bila kazi hizo idara haiendi, lakini siku ya kupandishwa vyeo hakuna anayezihesabu. Huhesabiwa makala, ruzuku za utafiti na wanafunzi wa uzamili uliowasimamia. Wenzako wanaume jioni zao wanaandika.

Halafu tunaambiwa eti wanawake hatujiamini. Neno hilo limenichosha. Hata ujiamini vipi, utaandika saa ngapi?

Washauri unao tele. Usichokuwa nacho ni mtu wa kukutaja kwenye kikao ambacho hukuitwa, aseme, "Utafiti huu auongoze Mwanakombo." Mtafute, mwanamke au mwanamume, mradi awe na kiti kwenye kamati.

Na usinambie kazi ya huku Pwani haifiki mbali. Faith Osier alikuwa hapo Kilifi akitafiti kinga ya mwili dhidi ya malaria. Mwaka 2019 akawa rais wa muungano wa kimataifa wa vyama vya wanasayansi wa kinga, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Kabla yake Profesa Miriam Were, aliyefundisha afya ya jamii Chuo Kikuu cha Nairobi, alitunukiwa Tuzo ya Hideyo Noguchi, ile ya Japani kwa kazi ya afya barani Afrika, mwaka 2008. (Najua utasema hao ni wao.)

Kuhusu kukamua maziwa chooni, hilo likome. Sheria ya Afya ya 2017 yamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea kazini. Waandikie barua, ubaki na nakala.

Nitumie wasifu wako kabla ya Ijumaa niupitie. Najua utakuwa umejipunguzia sifa. Wakikunyima, wakuandikie kilichopungua. Na kikao kijacho wakiuliza nani ataandika kumbukumbu, wewe nyamaza tu.

Mama akusalimu sana.

Wako,
Zainabu