Barua ya wazi kwa Mshauri wa Wanafunzi: tufundisheni kabla hamjatukabidhi watu

Kwako Mama Mshauri wa Wanafunzi,

Shikamoo.

YAH: MAFUNZO YA WAELIMISHAJI RIKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwelimishaji rika, yaani mwanafunzi aliyepewa na chuo jukumu la kuwasikiliza na kuwasaidia wanafunzi wenzake. Naandika hadharani kwa sababu barua zetu zilizopita masjala ziligongwa muhuri wa kupokelewa na hadi leo hazijajibiwa, na kwa sababu ya yaliyotokea Ijumaa iliyopita usiku.

Mwenyewe ameniruhusu niyaseme, ilimradi nisimtaje. Ni binti wa mwaka wa kwanza. Aligonga mlango wangu saa tano usiku, kanga kaifunga juu ya gauni, viatu mkononi. Alinijia mimi kwa kuwa jina langu na namba ya chumba changu vimebandikwa kwenye ubao wa hosteli, chini ya maneno yenu: "Una tatizo? Muone mwelimishaji rika." Alikuwa amebakwa. Kitu cha kwanza alichoniomba ni ndoo ya maji akaoge.

Nilimsihi asioge kwanza. Nilimwambia nguo asizifue, ushahidi usipotee, na twende hospitali usiku uleule, kwa sababu dawa za kumkinga na VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kadiri saa zinavyokwenda ndivyo nguvu ya dawa hizo inavyopungua. Nilimwambia pia kwamba ipo hospitali yenye Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na mtu wa ustawi wa jamii wanapatikana mahali pamoja, asije akazungushwa kueleza aibu ile dirisha kwa dirisha. Hayo niliyajua kwa sababu mama yangu mdogo ni muuguzi. Chuo hakijanifundisha hata moja. Mwenzangu wa hosteli ya pili anasoma uhasibu, ana moyo wa kusaidia kunishinda. Nilipomsimulia aliniuliza, "Kwa hiyo angekuja kwangu ningempa ndoo?" Sikuwa na la kumjibu. Mjibu wewe, Mama.

Simu ya ofisi yako iliita mpaka ikakata. Mlinzi wa getini alitudai kibali cha kutoka usiku, na kibali hicho husainiwa na ofisi hiyohiyo isiyopokea simu. Tulipoteza muda pale huku binti anatetemeka, hadi matroni alipoamshwa akaja kutuombea. Bajaji niliilipa kwa boomu, ile Sh10,000 ya siku inayotolewa na Bodi ya Mikopo kwa chakula na malazi. Sidai nirudishiwe. Ila naomba upige hesabu: ofisi inafungwa Ijumaa saa kumi jioni, inafunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi. Hizo ni saa 64. Mwelimishaji rika asiyejua, akamwambia mwenzake "tulia, Jumatatu tutakwenda ofisini," atakuwa amezimaliza karibu saa zote alizobakiwa nazo.

Mama, Novemba ulisimama ukumbini mbele ya wazazi, ukawaambia watoto wao wako salama kwa sababu chuo kina waelimishaji rika "waliofundwa". Sisi tulikuwa safu ya mbele na fulana zetu mpya. Tulitazamana. Kufundwa kwetu kulikuwa semina ya nusu siku: hotuba ya ufunguzi, soda na sambusa, picha ya pamoja, vyeti. Siku hiyohiyo uliahidi mafunzo ya wiki nzima kabla ya mitihani ya muhula wa kwanza. Mitihani imepita, matokeo yametoka, wenye sapu, ile mitihani ya marudio, wanazisomea. Wazazi wale bado wanaamini ulichowaambia.

Na si mambo ya ubakaji tu. Wanatujia walioishiwa boomu na hawajala, wajawazito wanaoogopa kwao, wenye hofu ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Wapo wanaosema wamechoka kuishi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hiyo mtu anayekwambia hivyo anakuapisha kwanza usimwambie yeyote. Unaapa, halafu unalala macho wazi ukisikiliza mlango wa chumba chake. Siri naitunza mpaka wapi? Namkabidhi kwa nani? Na mimi nikielemewa, namwendea nani? Kazi hii ya uelimishaji rika haihitaji ufasaha wa jukwaani. Inahitaji mtu ajue kusikiliza bila kuhukumu, ajue mwisho wa uwezo wake, ajue mlango wa kubisha hodi saa nane za usiku. Hayo hayaji yenyewe kwa kuvaa fulana.

Tunasikia mfadhili aliyekuwa akilipia mafunzo alijitoa Marekani iliposimamisha misaada yake mwaka 2025. Huenda ni kweli. Wengine wanasema fedha zipo ila zilihamishiwa kwenye mahafali. Hilo nalisikia tu, na ningefurahi ukilikanusha. Lakini zahanati ya chuo ina wauguzi. Wahadhiri wa ustawi wa jamii tunapishana nao kila siku. Dawati la Jinsia lina ofisi na kibao mlangoni. Hao wote wako ndani ya geti letu. Hawahitaji tiketi ya ndege wala hoteli.

Naomba mafunzo, Mama. Wiki uliyoiahidi, kabla mwaka wa kwanza wapya hawajaripoti. Na namba moja ya simu inayopokelewa usiku na wikiendi, maana hata tukifundishwa vipi, bila wa kumpokea mtu tutabaki tumesimama naye getini. Kama wiki haiwezekani, tupeni siku mbili na wauguzi wetu wenyewe. Kama hilo nalo haliwezekani, basi yaondoeni majina yetu ubaoni, watu wasije kugonga milango ya wasiojua la kufanya.

Wako mtiifu,
Mwelimishaji rika, mwaka wa tatu