Barua kwa mwanangu: maji ya bibi yako

Mwanangu mpenzi,

Nshafika Moroni salama, ila kabla sijakusimulia ya ndugu zetu huku Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro alikozaliwa bibi yako, kuna jambo moja lazma nikwambie kwanza. Unakumbuka bibi yako mvua ikianza tu anatoa ndoo, masufuria, mpaka mabakuli anayapanga chini ya bati, na sisi tunamcheka, bibi mfereji si upo huo? Leo nimeelewa na roho imeniuma.

Kisiwa chote hiki ni cha milima ya moto mwanangu. Mlima Karthala una mita 2,361 na bado uko hai, ukitoka mjini kidogo unaona lava imeganda nyeusi tii mpaka baharini. Mvua inanyesha hasa, lakini mto hakuna hata mmoja, mawe yana vitundu vitundu, maji yakianguka yanazama yote. Kwa hiyo vijijini nyumba ina birika lake la saruji, maji ya paa yanaingia humo, ndo ya kunywa ndo ya kupikia. Mwaka 2005 mlima ulipolipuka majivu yakaingia kwenye mabirika, na bibi yako mdogo ananambia yeye hakulia kwa kuogopa moto, alilia alipofunua birika.

Huku wanalima vanila, karafuu na langilangi, yale maua ya kunukia, kama kwetu Unguja. Ua la vanila wanalichavusha kwa mkono, moja moja, asubuhi, likichelewa linanyauka. Langilangi linachemshwa mafuta yakatengenezwe manukato Ulaya, na kuni zake zinakula msitu, hilo limenisikitisha sana. Pesa kubwa lakini inatoka kwa vijana walioko Ufaransa, Marseille hasa, ndo inajenga nyumba na ndo inalipia harusi kubwa ya anda, ng'ombe, mchele, dhahabu, mwanamme asipoifanya hata awe na mvi hahesabiwi mtu mzima barazani.

Na nyumba huku ni ya mwanamke! Mume ndo anahamia kwa mke. Ile aliyozaliwa bibi yako bado wamo wanawake wa ukoo wetu, wamenionesha birika alilokuwa akichota akiwa mtoto, nimekunywa maji yake nikashindwa kusema kitu.

Bibi mdogo anauliza utakuja lini. Nimemwambia mwezi wa 12 ukifunga skuli, mvua zitakuwa zimeshaanza.

Mama yako