Fueli yetu si baruti

Wichita, Kansas

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, na nimefurahi mno kusikia Mama ametoka hospitali. Mfikishie shikamoo yangu. Umeniuliza kwa nini sisi tunaorusha roketi kwa burudani tunailalamikia serikali ya huku Marekani, na unataka jibu kabla hujaanzisha klabu ya wanafunzi wako hapo Morogoro. Jambo lenyewe linaniuma, kwa hiyo vumilia barua ndefu.

Kwanza ujue tunachogombania. Roketi ndogo za watoto zinatumia baruti nyeusi iliyoshindiliwa, na hizo hazina shida kubwa. Zile zinazopita kilomita moja juu zinatumia fueli ngumu: amoniamu pakloreti, ambayo ndiyo inayotoa oksijeni, unga wa alumini, na raba ya kuvishikanisha. Nimeshika vipande vyake mara nyingi. Ni vya kijivu na vinabonyea kidogo kama kifutio cha penseli. Ukikiwasha kipande mahali pa wazi kinaungua kwa moto mkali, milimita chache kwa sekunde, basi. Nguvu ya kurusha inakuja pale kinapofungiwa ndani ya bomba gumu, gesi zikabaki na tundu moja tu la kutokea. Fueli ya jamii hiyohiyo ndiyo ilijazwa kwenye roketi mbili za pembeni za vile vyombo vya NASA vilivyokuwa vikienda angani na kurudi, takriban tani 500 katika kila moja.

Sasa, idara ya serikali inayosimamia pombe, tumbaku, silaha na vilipuzi, ATF, iliiweka fueli hii kwenye orodha ya vilipuzi. Injini yenye fueli isiyozidi gramu 62.5 ilisamehewa. Ukipita hapo unahesabiwa kama mtu wa baruti za kuvunjia miamba. Mwishoni mwa 2002 Bunge la huku likapitisha sheria kali zaidi, ikaanza kazi Mei 2003: kibali hata kama unanunua ndani ya jimbo lako, alama za vidole, kuchunguzwa historia yako, na ghala la kuhifadhia la kiwango chao, ambalo mkaguzi ana haki ya kuja kulitazama. Mwenye nyumba yake na uwanja mpana aliweza kuhangaika. Aliyepanga chumba ghorofani angeliweka wapi ghala la vilipuzi? Watu waliojenga roketi kwa miezi, wakapiga msasa na rangi, waliziacha zikikusanya vumbi.

Vyama viwili vya wapenzi wa roketi, Tripoli na National Association of Rocketry, vilikuwa vimeshafungua kesi tangu 2000. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka: kisheria kilipuzi ni kitu ambacho kazi yake kuu ni kulipuka, na fueli hii kazi yake ni kuungua. ATF wakajibu kwamba inaungua kwa kasi kubwa mno kuliko kuungua kwa kawaida. Kubwa kiasi gani? Hawakusema. Februari 2006 mahakama ya rufani ya Washington ikawarudishia jambo hilo, ikiwaambia kwamba maneno yasiyo na kipimo hayatoshi. Machi 2009 Jaji Reggie Walton akaubatilisha uamuzi wa kuiita fueli hiyo kilipuzi. Miaka tisa, sahibu, na fedha za michango ya wanachama, kwa sababu ya namba ambayo ingeweza kupatikana kwa kuwasha kipande na kushika saa.

Usidhani nataka kila mtu afanye apendavyo. Mei 1988 kiwanda cha pakloreti cha PEPCON, huko Henderson, Nevada, kilishika moto kikalipuka. Watu 2 walikufa na mamia wakaumia. Kemikali ile ikiwa imerundikwa kwa maelfu ya tani ni hatari kubwa, na sheria lazima iwepo. Sisi wenyewe tuna masharti. Huuziwi injini kubwa mpaka urushe ndogo mbele ya shahidi na roketi irudi salama. Ngazi ya pili ina mtihani wa kuandika. Ya tatu, michoro yako inapitiwa na wakongwe kabla hujajenga. Kuwasha ni kwa umeme, kutoka mbali, wala hakuna anayesogea na kiberiti. Ukienda Argonia, kwenye lile pori la nyasi wanakorushia, utamkuta mzee anampekua kijana roketi yake hadi kwenye fundo la kamba ya parachuti. Kinachonikera ni kuwekewa sheria na mtu ambaye hakupima.

Na bado hatujamaliza. Gramu chache za baruti nyeusi zinazosukuma parachuti itoke bado zinadai kibali. Mwenye bunduki ya kale anaruhusiwa kununua baruti hiyohiyo karibu kilo 23 bila kibali chochote, mradi aitumie kwenye bunduki hiyo. Roketi hazimo katika msamaha huo. Nimewasikiliza wanaoutetea utaratibu huu na sijaona mantiki yake.

Kwa hiyo usiagize injini yoyote kwanza. Huko nyumbani baruti ziko chini ya watu wa madini. Waendee, wapelekee maelezo ya fueli na uzito kwa gramu, upate jibu la maandishi. Wakati unasubiri, anza na chupa za soda za lita moja na nusu: maji theluthi, kizibo kilichokaza, pampu ya baiskeli, na kamba ndefu ya kufyatulia ili watoto wakae mbali. Fizikia ni ileile. Desemba nikija nitakuletea kifaa kidogo cha kupimia kimo, chepesi kuliko betri ya redio. Niambie tu kama ile miembe ya uwanja wa shule bado ipo, maana itabidi tutafute mahali pengine pa kurushia.

Wako wa dawati moja